Jomo Kenyatta: Kutoka Kijiji cha Sinema hadi Joto la Lodwar

Utangulizi

Jina la Jomo Kenyatta halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Vitabu vya historia vimekwisha kumweleza kama mwanasiasa, mfungwa, na hatimaye Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya. Hata hivyo, zipo sura mbili za maisha yake ambazo kwa kawaida hazisomwi pamoja. Ya kwanza ni ya mwaka 1934, alipoajiriwa Uingereza kama mmoja wa Waafrika waliosimama nyuma ya waigizaji wakuu katika filamu iliyodai kuionyesha Afrika. Ya pili ni ya miaka ya 1959 hadi 1961, alipokuwa kizuizini Lodwar, katika nchi ya Waturkana. Katika sura ya kwanza watazamaji wengi walimwona bila kumjua. Katika ya pili, ulimwengu mzima ulimjua lakini haukumwona.

Makala haya yanayasimulia maisha ya Mzee kwa kuzingatia pembe hiyo. Lengo si kuirudia historia yote ya kupigania uhuru, bali kuonyesha namna filamu na runinga zinavyoweza kuamua ni mahali gani pa dunia patakapotamaniwa, patakapoogopwa, au patakaposahauliwa. Suala hili linawahusu wanafunzi wa fasihi moja kwa moja, kwa kuwa filamu nayo ni masimulizi, na kila masimulizi huwa na msimulizi.

Mwana wa Gatundu

Kenyatta alizaliwa katika miaka ya 1890 huko Ng'enda, Gatundu, akaitwa Kamau wa Muigai. Mwaka kamili wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote, kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa rika lake. Alifiwa na wazazi akiwa bado mdogo, na mwaka 1909 akajiunga na misheni ya Waskoti huko Thogoto, alikojifunza kusoma, kuandika na useremala. Alibatizwa mwaka 1914 na kupewa jina la Johnstone. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi katika idara ya maji. Ni katika miaka hiyo ya ujana ambapo alipenda kuvaa mshipi wa shanga, na inasemekana jina la Kenyatta lilitokana na mshipi huo.

Mwaka 1928 alikuwa Katibu Mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association na mhariri wa gazeti la Muigwithania, lililoandikwa kwa Kikikuyu. Mwaka uliofuata chama kilimtuma London kuwasilisha malalamiko ya ardhi. Alirudi nyumbani mwaka 1930, akasafiri tena mwaka 1931, na safari hii hakurejea hadi mwaka 1946. Miaka hiyo 15 ya ugenini ndiyo iliyomkutanisha na kamera.

Mwanafunzi na mwalimu jijini London

Maisha ya London yalikuwa magumu. Kenyatta alikwenda Moscow kwa muda katika miaka ya 1932 na 1933, kisha akarejea Uingereza na kutafuta riziki kwa njia mbalimbali. Mojawapo inafaa kukumbukwa na kila mwanaisimu: alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya University College, London, akiwa mtoa habari wa lugha ya Kikikuyu. Mtaalamu Lilias Armstrong alisikiliza matamshi yake na kuyachambua. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kuhusu fonetiki na toni za Kikikuyu, kilichapishwa mwaka 1940, baada ya kifo cha Armstrong. Kwa hiyo, kabla sauti ya Kenyatta haijasikika katika viwanja vya siasa, ilikwisha kuhifadhiwa katika taaluma ya isimu.

Aidha, alisoma anthropolojia katika London School of Economics chini ya Profesa Bronislaw Malinowski. Tasnifu yake ilichapishwa mwaka 1938 kama kitabu Facing Mount Kenya. Katika kitabu hicho Mwafrika aliacha kuwa kitu cha kuchunguzwa tu, akawa mchunguzi wa jamii yake mwenyewe. Tofauti kati ya kueleza na kuelezwa ndiyo kiini cha makala haya.

Kijiji kilichojengwa Shepperton

Mwaka 1934 kampuni ya Alexander Korda ilikuwa ikitayarisha filamu ya Sanders of the River, iliyoongozwa na ndugu yake, Zoltan Korda. Hadithi yenyewe ilitokana na maandishi ya Edgar Wallace kuhusu afisa Mwingereza anayetawala makabila kando ya mto nchini Nigeria. Zoltan alikuwa amesafiri Afrika na kurudi na picha nyingi za mito, ngoma na wanyama. Lakini waigizaji wakuu hawakupelekwa Afrika. Badala yake, kijiji cha Kiafrika kilijengwa katika studio za Shepperton, nje kidogo ya London. Vibanda viliezekwa kwa nyasi, na Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakakusanywa kuwa wanakijiji. Miongoni mwao walikuwemo mabaharia, vibarua na wanafunzi. Mmoja wao alikuwa Johnstone Kenyatta, aliyepewa nafasi ndogo ya chifu asiyetajwa jina.

Nyota wa filamu hiyo alikuwa Mmarekani mweusi Paul Robeson, aliyeigiza kama Bosambo. Robeson alikuwa na hamu ya kweli ya kuijua Afrika. Mwaka huo huo wa 1934 alijiandikisha katika School of Oriental Studies jijini London kujifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Aliamini kwamba filamu ingeutukuza utamaduni wa Mwafrika. Ilipotoka mwaka 1935, alikuta kwamba imeutukuza utawala wa Mwingereza: amani hudumu Sanders anapokuwepo, na anapoondoka wenyeji huuana. Robeson alijutia ushiriki wake na akaikana filamu hiyo hadharani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mtazamaji wa London au New York aliyelipa kiingilio mwaka 1935 aliamini kuwa ameiona Afrika. Kwa hakika alikuwa ameona picha halisi za mito zilizounganishwa na kijiji cha mbao kilichojengwa Uingereza, na ndani ya kijiji hicho msomi wa anthropolojia akiwa amevishwa ngozi ili aonekane mshenzi. Kenyatta alihitaji fedha, na hakuna haja ya kumhukumu kwa hilo. La muhimu ni kutambua kwamba alipewa vazi bila kupewa usemi.

Filamu bila mshtakiwa

Kenyatta alirudi Kenya mwaka 1946, baada ya kushiriki Kongamano la Umajumui wa Afrika lililofanyika Manchester mwaka 1945. Mwaka 1947 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Kenya African Union. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na usiku huo akakamatwa. Yeye pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba walishtakiwa Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Mnamo Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Kapenguria yenyewe ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na waandishi wa habari, mawakili na umati. Gereza lililofuata lilikuwa mbali zaidi. Lokitaung iko kaskazini mwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kiongozi wa wafanyakazi Makhan Singh alikuwa amekwisha kuzuiliwa huko tangu mwaka 1950. Wenzake Kenyatta walipopelekwa kwenye kazi za sulubu, yeye, kwa sababu ya umri, alipewa kazi ya kuwapikia. Humo gerezani alikutana pia na Waruhiu Itote, maarufu kama Jenerali China, akamsaidia kujifunza Kiingereza. Si siri kwamba gereza hilo lilikuwa na mafarakano makali, na baadhi ya wafungwa wenzake walimtenga.

Wakati Kenyatta akipika uji Lokitaung, kumbi za sinema duniani zilikuwa zikionyesha Kenya nyingine. Mwaka 1955 filamu ya Kiingereza iitwayo Simba, iliyoigizwa na Dirk Bogarde, ilionyesha walowezi wakivamiwa. Mwaka 1957 ikafuata Something of Value ya Hollywood, iliyoigizwa na Rock Hudson na Sidney Poitier. Ya pili ilijaribu kidogo kumsikiliza Mwafrika, lakini zote mbili ziliijenga Kenya kama nchi ya mashamba mazuri yaliyozingirwa na hofu. Mshtakiwa mkuu wa kisa hicho hakuwa na kamera, gazeti wala jukwaa la kujibu.

Lodwar: mahali palipochaguliwa kwa kutojulikana

Mnamo Aprili 1959 kifungo cha Kenyatta kilikwisha, lakini hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar, akawekewa amri ya kutotoka humo. Aliishi katika nyumba ndogo, akitakiwa kuripoti kwa wakuu wa wilaya, na baadaye mkewe, Ngina, aliruhusiwa kuishi naye.

Inafaa kujiuliza ni kwa nini Lodwar. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: mtu kutoka sehemu nyingine za Kenya hakuweza kuingia bila kibali. Kwa mtawala, hiyo ilikuwa nchi ya joto, mchanga na ukimya, ambako mtu angeweza kuwekwa mpaka asahaulike. Lakini mahali hapaitwi patupu mpaka mtu ageuze macho yasiwaone wakaao hapo. Kwa Waturkana, Lodwar ilikuwa mji kando ya mto Turkwel, penye mikoma ambayo majani yake husukwa vikapu, penye njia za ngamia na mbuzi kuelekea malishoni. Serikali iliitumia sifa ya ukiwa kama ukuta wa gereza, na ukuta huo haukugharimu saruji. Ulijengwa kwa kutojulikana.

Ukuta wa aina hiyo, hata hivyo, una udhaifu wake. Mwezi Juni 1958, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kutamka kwamba wafungwa wa Lokitaung walikuwa bado viongozi wa watu. Mwaka 1960 chama cha KANU kilimchagua Kenyatta kuwa rais wake, ijapokuwa serikali ilikataa kukisajili kwa jina lake. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilishinda viti 19 dhidi ya 11 vya KADU, lakini viongozi wake wakakataa kuunda serikali huku Mzee akiwa kizuizini. Jina la Lodwar likawa midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kuliona vumbi lake. Tarehe 23 Machi 1961 ujumbe wa viongozi wa vyama vyote viwili uliruka hadi Lodwar kuonana naye. Mji uliochaguliwa ili afichwe ulikuwa umegeuka kituo cha siasa za nchi nzima.

Kamera za Maralal

Mwanzoni mwa Aprili 1961 Kenyatta alihamishiwa Maralal, na tarehe 11 mwezi huo serikali iliwaruhusu waandishi wa habari kumwona. Walifika kwa wingi, wakiwa na kamera za sinema na za runinga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Gavana Patrick Renison alikuwa amemshutumu hadharani kwa maneno makali mno, akimchora kama hatari kwa nchi. Watazamaji wa Ulaya walitarajia kumwona mtu wa kutisha. Walimwona mzee mtulivu aliyeketi, akajibu maswali moja baada ya jingine, na kukana kuhusika na vurugu.

Hapo ndipo sura mbili za maisha yake zilipokutana. Mwaka 1934 kamera ilimkuta akiwa amevishwa na kupangwa na mtu mwingine. Mwaka 1961 kamera zilimfuata mlimani, naye akaamua mwenyewe atakachosema. Haitakuwa sahihi kudai kwamba picha hizo pekee zilimfungulia mlango, kwani nguvu za kisiasa zilikwisha kuusukuma. Lakini zilivunja dhana iliyojengwa na filamu kwa miaka minane. Tarehe 14 Agosti 1961 alirejeshwa Gatundu, na siku chache baadaye akaachiliwa rasmi. Aliapishwa kuwa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni 1963, Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka mmoja baadaye akawa Rais.

Mfungwa aliyekuwa Rais

Haki ya wasifu inadai tuseme pia yale yasiyopendeza. Kenyatta aliijua Turkana kwa macho yake mwenyewe. Hata hivyo, Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kuwa fedha za maendeleo zipelekwe kwanza katika maeneo yenye rutuba na mvua ya kutosha. Turkana haikuwa mojawapo. Nchi iliyomhifadhi ilibaki bila barabara nzuri, na shule zake zikawa chache. Hali kadhalika, yeye aliyewahi kuwa kizuizini alitumia sheria ya kuzuilia watu bila kuwafikisha mahakamani. Odinga, aliyemtetea mwaka 1958, alizuiliwa mwaka 1969. Desemba 1977 alizuiliwa Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya tamthilia ya Kikikuyu aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii kuigizwa na wanakijiji wa Kamirithu. Safari hii kijiji kilikuwa cha kweli, na wanakijiji walikuwa na usemi wao. Huenda ndiyo sababu serikali iliingiwa na hofu.

Jambo moja la utawala wake linastahili sifa kwa upande wa Turkana. Mwaka 1975 serikali ililibadilisha jina Ziwa Rudolf, alilolipachika Sámuel Teleki mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, nalo likaitwa Ziwa Turkana. Wenyeji walipata angalau jina lao kwenye ramani. Mzee alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Turkana katika macho ya wageni

Baada ya Mzee, kamera hazikuacha kuja. Watengenezaji filamu David na Judith MacDougall walikuwa wamekwisha kurekodi maisha ya Waturkana katika miaka ya 1970. Filamu yao The Wedding Camels ya mwaka 1977 inafuatilia majadiliano marefu ya mahari, na wahusika husikika wakisema lugha yao wenyewe, tafsiri ikiandikwa chini ya picha. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya mvulana wa kale huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa, na tangu hapo vipindi vya runinga vimelitangaza eneo hilo kama mojawapo ya chimbuko la binadamu. Mwaka 2005 filamu ya The Constant Gardener ililionyesha Ziwa Turkana kama mahali pa siri na mauti. Baadhi ya picha zake zilipigwa Loiyangalani, upande wa mashariki, na waliohusika nayo wakaanzisha mfuko wa kusaidia elimu huko na Kibera.

Kakuma nako kumejulikana kwa njia hiyo. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, walipowasili vijana wengi waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Filamu za hali halisi kama Lost Boys of Sudan ya mwaka 2003 zilikifanya kisa chao kijulikane Marekani. Mwaka 2014 ikatoka The Good Lie, ambamo baadhi ya waigizaji, kama vile Ger Duany na Emmanuel Jal, walikuwa wameyapitia maisha ya vita na ukimbizi. Hilo ni badiliko kubwa kutoka enzi ya Bosambo. Hata hivyo, kambi inayoonekana katika filamu hiyo haikupigwa picha Kakuma. Ilijengwa Afrika Kusini. Miaka 80 baada ya Shepperton, mahali pa Turkana palikuwa bado panaundwa kwingine.

Upande wa pili ni kwamba Kakuma si mahali pa kutazamwa tu. Kuanzia mwaka 2001 shirika la FilmAid lilionyesha sinema kambini usiku kwenye kiwambo kikubwa, na baadaye likawafunza vijana wakimbizi kutengeneza filamu zao. Mkongo, Mrundi, Msomali na Msudani Kusini walikaa mchangani pamoja wakitazama picha moja, na mara nyingi Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuijadili.

Hitimisho

Nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Out of Africa, na wageni hawajaacha kumiminika. Nyumba aliyozuiliwa Kenyatta huko Lodwar haijabahatika kupata filamu ya kiwango hicho, na wanaoifikia ni wachache. Tofauti hiyo haitokani na uzito wa historia. Inatokana na nani alisimuliwa, na kwa lugha gani.

Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013, serikali ya kaunti ya Turkana ilianzisha tamasha la Tobong'u Lore, jina lenye maana ya kukaribishwa nyumbani tena. Huo ni mwaliko wa wenyeji wenyewe, si wa studio. Tunaosoma Kiswahili tunapaswa kuuitikia kwa kalamu. Tuandike miswada ya filamu na tamthilia kuhusu Lokitaung, Lodwar na Kakuma, tukishirikiana na wasemaji wa Kiturkana, ili mwenyeji wa hapo asibaki kuwa chifu asiye na jina katika kijiji cha mbao. Kenyatta alipewa nafasi hiyo mara moja, mwaka 1934. Ilimchukua miaka 27 kuketi mbele ya kamera kwa jina lake mwenyewe. Waturkana na wakimbizi wa Kakuma wamengoja muda mrefu zaidi.